Nguvu za Ghafla: Kasi Hujengwa kwa Mpango

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi kabla ya kuingia mwezi wa Ramadhani)



Wazee wangu, ndugu zangu na dada zangu. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeambiwa nina nusu saa na kwamba baada yake kuna maswali, kwa hivyo sitazunguka sana. Mada yangu ni mazoezi ya vyuma, na jinsi yanavyomjenga mwanamichezo apate kile ninachokiita nguvu za ghafla: kuruka juu, kuchomoka mbio, kugeuka upesi, kupiga shuti zito. Mimi nasomea elimu ya michezo chuo kikuu, na kila nikirudi nyumbani likizo naulizwa maswali yale yale uwanjani. Leo nataka tuyajibu kwa pamoja.

Hebu tuangalie hali yetu kwanza. Kijana wa mtaani anataka kuwa na spidi. Afanya nini? Aamka alfajiri, azunguka uwanja mara ishirini. Miezi inapita, pumzi anayo, lakini mpira ukipigwa mbele yake beki wa upande wa pili amfikia na kumpita. Mwenzake naye amejiunga na jimu. Kila siku ni kifua na mikono, kifua na mikono, ili shati la Idi lijae. Miguu yake hajaigusa. Wa tatu alitaka kubeba vyuma lakini babake amemkataza, kwa kuwa ameambiwa vyuma vinafupisha mtoto. Na wa nne, huyu ndiye anitiaye hofu zaidi, amechoka kungoja. Ameanza kuulizia vidonge na sindano.

Hawa wanne wote ni vijana wetu. Wana bidii, wana nia, lakini hawana mpango. Na bidii bila mpango, ndugu zangu, ndiyo inayotupotezea vipaji na kutuvunjia magoti.

NGUVU ZA GHAFLA NI NINI?

Tuseme gari la matatu limezima barabarani. Watu wanalisukuma. Wanatumia nguvu nyingi mno, lakini gari latembea polepole. Sasa mtazame mtoto anayerusha kijiwe. Mkono wake waenda kasi sana, lakini kijiwe ni chepesi, nguvu iliyotumika ni ndogo. Nguvu za ghafla ziko kati ya hawa wawili. Ni nguvu ukiizidisha kwa kasi. Mtu anayeruka kupiga kichwa lazima aibebe kilo 60 au 70 ya mwili wake, na lazima aibebe upesi.

Kuna mwanasayansi Mwingereza, A. V. Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Mwaka 1938 alichapisha utafiti wake juu ya misuli ya chura, akaonyesha jambo ambalo makocha wanalitegemea mpaka leo: kadiri msuli unavyojikunja kwa kasi zaidi, ndivyo nguvu unayoweza kuitoa inavyopungua. Mzigo mzito, kasi ndogo. Mzigo mwepesi, kasi kubwa. Kwa hivyo ukitaka lile zao la nguvu kwa kasi liongezeke, una njia mbili. Uongeze nguvu, au uongeze kasi. Mwanamichezo mwerevu anaongeza zote mbili, lakini kwa mpangilio.

Tena kuna suala la muda. Mguu wa mkimbiaji wa mita 100, akiwa katika kasi yake kamili, hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kupepesa jicho tu! Lakini msuli ukitaka kutoa nguvu zake zote mpaka kileleni huhitaji kama sekunde 0.3 au zaidi. Yaani mguu umeshaondoka chini kabla nguvu haijakamilika. Kwa hivyo swali si “una nguvu kiasi gani?” peke yake. Swali ni “katika kile kipande cha sekunde, waweza kutoa kiasi gani?” Ndiyo maana utamwona mtu ana mapaja makubwa lakini haruki, na mwingine mwembamba aruka kama paka.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Nitataja mambo matatu, na naomba myashike kwa sababu mazoezi yote yanatokana nayo.

La kwanza ni nyuzi za misuli. Msuli una nyuzi za aina mbili kubwa. Kuna zile za polepole, ambazo hazichoki haraka, na hizi ndizo zinazombeba mkimbiaji wa marathoni. Na kuna zile za kasi, zenye nguvu nyingi lakini zinachoka upesi. Sasa mwili una tabia ya kubana matumizi. Ukitembea, huamsha zile ndogo za polepole tu. Zile kubwa za kasi huamshwa mwisho, pale mzigo unapokuwa mzito au unapojitahidi kwenda kwa kasi yako yote. Je, mwaona kwa nini yule wa kuzunguka uwanja mara ishirini hapati spidi? Kila alfajiri anawafundisha wafanyakazi wa polepole, na wale wa kasi wamelala.

La pili ni mishipa ya fahamu. Mtu anayeanza vyuma huongeza nguvu katika wiki za mwanzo kabla hata msuli haujakua. Inakuwaje? Ni kwamba ubongo umejifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi, kwa pamoja, na kwa haraka. Hapa ndipo lilipo jibu la wale wasemao vyuma vinamfanya mtu mzito. Kutanua mwili na kujenga nguvu ni mambo mawili tofauti. Ukibeba mzigo mzito mara chache, ukapumzika vizuri, nguvu itapanda bila ya wewe kuongezeka kilo nyingi.

La tatu ni kano, hasa ile kano nene ya nyuma ya kisigino. Kano ni kama mpira wa manati. Ukiuvuta na kuuachia, jiwe lafyatuka. Unapochuchumaa kidogo kabla ya kuruka, kano na misuli huvutika na kuweka akiba ya nguvu. Ukiruka papo hapo, akiba hiyo unaitumia. Ukingoja pale chini, sehemu kubwa yake inapotea. Jaribuni wenyewe nyumbani: ruka kwa kuchuchumaa na kuinuka mara moja, kisha chuchumaa, hesabu mpaka tatu, ndipo uruke. Wengi wenu mtaona ya pili ni fupi.

Warusi walilifanyia kazi sana jambo hili. Katika miaka ya 1960, Yuri Verkhoshansky aliwafundisha warukaji wake kushuka kutoka juu ya sanduku na kuruka tena mara tu miguu inapogusa chini. Mwaka 1975 kocha wa Marekani, Fred Wilt, akayapa mazoezi ya aina hii jina la plaiometriki, nalo ndilo lililoenea duniani.

MIFANO TUNAYOIJUA

Kuna wanaosema Wakenya tumeumbwa kwa mbio ndefu tu. Naomba tuwatazame watu wawili wa kwetu.

Julius Yego ni mrusha mkuki. Nchi yetu haikuwa na jina katika mkuki, na yeye alijifunza mengi kwa kutazama video za warushaji wakubwa kwenye YouTube, kisha akapata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi Finland. Mwaka 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800 tu. Lakini kuutupa umbali ule kunahitaji mguu wa mbele ukite chini na kusimama imara ghafla, nguvu ipande kutoka mguuni, ipite nyongani na begani, mpaka mkononi. Mkono ni mwisho wa safari. Safari yenyewe huanzia chini.

Wa pili ni Ferdinand Omanyala. Alicheza raga kabla ya kuingia riadha. Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, ikawa rekodi mpya ya Afrika. Mwaka 2022 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Basi yule anayesema Mkenya hawezi mbio fupi, amwambie hivyo Omanyala.

Na kwa wale mnaosema “mimi ni mfupi, sitaweza”, kuna Mturuki aliyezaliwa Bulgaria, Naim Süleymanoğlu. Urefu wake ulikuwa mita 1.47. Katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, akishindana katika uzito wa kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa. Zaidi ya mara tatu ya uzito wake! Hilo halifanyiki kwa misuli minene peke yake. Ni nguvu inayotoka yote kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna Mutaz Essa Barshim wa Qatar, mruka juu. Mwaka 2014 aliruka mita 2.43 mjini Brussels. Mwaka 2018 aliumia vibaya kifundo cha mguu, na kifundo kwa mruka juu ni kama mkono kwa fundi. Hakukimbilia kurudi. Alijenga upya hatua kwa hatua, na mwaka 2019, mbele ya watu wake Doha, akawa bingwa wa dunia kwa mita 2.37. Urefu huo huo ukampa dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021, aliyokubali kuigawana na Gianmarco Tamberi wa Italia. Nimemtaja yeye kwa sababu ya neno moja: subira. Na subira ndiyo inayotuleta kwenye mpango wenyewe.

MPANGO WA WIKI 12

Kanuni ni hii: jifunze kwanza, jenga nguvu pili, geuza nguvu iwe kasi tatu. Anayeruka hatua ataruka na goti lake.

Wiki ya 1 mpaka ya 4 ni za kujifunza. Siku mbili au tatu kwa wiki. Chuchumaa kwa uzito wa mwili wako, visigino vimekaa chini, magoti yanafuata upande wa vidole vya miguu, mgongo umenyooka. Fanya hatua ndefu za kupiga goti, mguu kwa mguu. Jifunze kuinama kwa kurudisha makalio nyuma bila kupinda mgongo. Panda kwa vidole vya miguu kuimarisha kano ya kisigino. Kila zoezi mara 8 mpaka 12, raundi mbili au tatu. Na jifunze kutua! Ruka kidogo, utue kimya, magoti yamekunjika na hayaangukiani kwa ndani. Ukisikia kishindo kikubwa, bado hujui kutua, na asiyejua kutua asifundishwe kuruka.

Wiki ya 5 mpaka ya 8 ni za nguvu. Sasa beba chuma. Kuchuchumaa na chuma, kuinua chuma kutoka chini, na hatua ndefu ukiwa umebeba uzito. Raundi nne za mara tano. Uzito uwe wa kukutosha, lakini ukimaliza ya tano ubakiwe na uwezo wa moja au mbili zaidi. Pumzika dakika tatu kati ya raundi. Najua vijana hawapendi kukaa dakika tatu, wanaona ni uvivu. Si uvivu. Zile nyuzi za kasi zinachoka upesi na zinataka muda wa kujaza akiba. Ukizikatisha mapumziko, umerudi kwenye mazoezi ya pumzi. Mwanzo wa kila siku, kabla ya vyuma, weka miruko michache: raundi tatu au nne za mara tano, kuruka juu ya sanduku fupi au kuruka mbele kwa miguu miwili.

Wiki ya 9 mpaka ya 12 ni za kasi. Vyuma vizito viendelee, lakini raundi tatu za mara tatu zinatosha, ili nguvu isishuke. Ongeza miruko, kurusha mpira mzito kutoka kifuani, na mbio za mita 10 mpaka 30 kwa kasi yako yote. Makocha wengi wana kipimo chepesi: kwa kila mita 10 ulizokimbia, pumzika dakika moja. Anayeanza, idadi ya kugusa ardhi katika miruko isizidi 40 mpaka 60 kwa siku moja. Aliyezoea aweza kufika 80 au 100. Kati ya siku moja ya miruko na nyingine, muachie mwili saa 48 au zaidi. Yale mazoezi ya Warusi ya kushuka kutoka juu ya sanduku na kuruka tena ni ya mwisho kabisa, ya mtu aliyekwisha kujenga nguvu. Mwana wa miaka 13 asiyaguse.

Na kuna kanuni moja inayotawala hizi zote. Kasi ikishuka, acha. Mruko wa sita ukiwa mfupi kuliko wa tano, siku hiyo ya miruko imekwisha. Hapa hatutafuti jasho wala kutapika. Twatafuta ubora.

Kabla ya kuanza, pasha mwili joto dakika kumi. Kuvuta msuli na kuukalia hapo zaidi ya dakika nzima kabla ya kuruka kunaupunguzia nguvu kidogo, kwa hivyo kunyoosha kwa namna hiyo kuweke baadaye. Wachezaji wa mpira nawasihi mjifunze ule mpango wa kupasha mwili wa FIFA uitwao 11+. Unachukua dakika 20, hauhitaji kifaa chochote ila uwanja na mpira, na uliundwa makusudi kupunguza majeraha. Ndani yake kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako akushike vifundo, nawe ushuke mbele polepole. Laonekana jepesi. Lakini timu zinazolifanya kwa bidii hupunguza majeraha ya misuli ya nyuma ya paja kwa takriban nusu.

“SINA PESA ZA JIMU”

Hili najua linakuja kwenye maswali, basi nilijibu sasa. Mitaani kwetu mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, ikaunganishwa kwa bomba la chuma, imejenga watu wengi. Yafaa. Angalia tu kwamba pande zote mbili zina uzito sawa, na usibebe juu ya kichwa kitu ambacho hukiamini. Gunia la mchanga la kilo 20 au 30 lafaa kwa kuchuchumaa na kwa hatua ndefu. Ngazi za nyumba zafaa kwa kuruka. Mchanga wa pwani ni mzuri kwa wanaoanza miruko kwa sababu haugongi viungo sana, lakini jueni kuwa mchanga unameza ile akiba ya manati, kwa hivyo baadaye hamieni kwenye nyasi. Lami na saruji ziacheni.

Kipimo nacho ni cha bure. Mwaka 1921 mwalimu wa Marekani, Dudley Sargent, alieleza namna ya kupima mtu kwa mruko wake, na mpaka leo twatumia namna iliyotokana nayo. Simama kando ya ukuta, nyoosha mkono, weka alama ya chaki. Ruka, weka alama ya pili. Pima sentimita zilizo kati yake na uandike daftarini. Rudia kila baada ya wiki nne. Ukuta hauna urafiki na mtu, na hautakudanganya.

NA RAMADHANI JE?

Sisi tulio karibu na ikweta tuna neema yetu. Saumu yetu ni kama saa 13 na nusu, mwaka baada ya mwaka, haibadiliki sana. Ndugu zetu wa Ulaya Ramadhani ikiangukia majira ya joto hufunga saa nyingi zaidi. Olimpiki ya London ya mwaka 2012 iliangukia ndani ya Ramadhani, na kila mwanamichezo Muislamu ilimbidi apange mambo yake. Kwa hivyo tusiseme haiwezekani. Tuseme yataka mpango.

Ramadhani usiifanye ya kutafuta rekodi. Ifanye ya kulinda ulichokijenga. Na habari njema ni kwamba nguvu hailindwi kwa kazi nyingi. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Punguza idadi ya raundi, hata ziwe nusu, lakini uzito wa chuma usiupunguze sana. Ukipunguza vyote viwili, Idi itakukuta umerudi ulikoanza.

Wakati mzuri ni usiku, saa moja na nusu hivi baada ya futari nyepesi, au baada ya tarawehe. Wakati huo umeshakunywa maji, na ukimaliza una nafasi ya kula. Ukitaka kufanya kitu kabla ya Magharibi, kiwe chepesi: kunyoosha viungo, kujifunza kutua, kutembea. Miruko mikali na mbio za kasi saa kumi na moja jioni, midomo imekauka, ni kutafuta kuumia. Anayehisi kizunguzungu aache hapo hapo. Na mwenye sukari au maradhi mengine asianze kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Futari zetu za Pwani, mashaallah, hazina mfano. Lakini tuseme ukweli: meza yote ikiwa kaimati, bhajia na viazi karai, msuli hautajengwa. Msuli unataka protini, na mtu wa mazoezi ya nguvu anahitaji kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa kijana wa kilo 60 ni kama gramu 96. Si lazima ununue unga wa mkebe. Samaki, mayai, maziwa, mbaazi za nazi, maharagwe, kuku, vyote tunavyo. Gawanya kati ya futari na daku. Maji yanywe kidogo kidogo usiku kucha, si lita mbili dakika tano kabla ya adhana. Na usingizi! Kijana anayekesha barazani mpaka daku kisha ajitupie lawama kuwa Ramadhani imemmaliza nguvu, hajatenda haki. Aliyemmaliza nguvu ni baraza.

KWA WAZAZI NA KWA DADA ZANGU

Wazee wangu, ile hofu ya vyuma kufupisha watoto naielewa, lakini utafiti haukuiunga mkono. Mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri, yenye mtu mzima anayesimamia, hayamzuii mtoto kurefuka. Yanaimarisha mifupa yake. Hatari iko kwa mtoto anayeachwa peke yake akishindana na wenzake ni nani atabeba zaidi. Basi badala ya kumkataza, simama naye. Muulize: nani anakufundisha? Umefika wiki ya ngapi? Nionyeshe daftari.

Dada zangu nao msijitoe katika mada hii. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka, kama mpira wa kikapu na soka, hupasua ile kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Na mazoezi ya nguvu pamoja na kujifunza kutua ni kinga iliyothibitishwa. Yote niliyoyataja leo yafanyika uani, au ndani ya chumba, kwa mavazi ya stara. Hamhitaji kuonwa na mtu ndiyo muwe na nguvu.

Nimeshuhudia rafiki yangu wa mtaani, mchezaji aliyekuwa akitegemewa na timu nzima, goti likimpasuka bila hata kuguswa na mtu. Aliruka, akatua, goti likaingia ndani. Matibabu yakamaliza akiba ya familia, na msimu mzima akautazama mpira akiwa na magongo. Alikuwa na kipaji. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kutua. Nikiwaambia wiki nne za mwanzo si za mzaha, ndilo goti ninalolikumbuka.

NJIA YA MKATO

Nimalizie na yule kijana wa nne, wa vidonge na sindano. Homoni za kutanua mwili zinaharibu ini, zinadhuru moyo, na kwa wanaume zinaweza kuzima uzazi. Zinaukuza msuli haraka kuliko kano, na kano iliyoachwa nyuma hukatika. Na tatizo si dawa za kuibia tu. Omanyala huyo huyo tuliyemtaja, mwaka 2017, alifungiwa miezi 14 kwa ajili ya betamethasone, dawa aliyosema alipewa alipotibiwa maumivu ya mgongo. Kabla ya kumeza au kudungwa chochote, mwambie daktari kwamba wewe ni mwanamichezo, na uulize. Nchi yetu ina sheria ya kupambana na dawa hizi tangu mwaka 2016, na “sikujua” haimtoi mtu.

Kwani kijana anakimbilia sindano kwa nini? Kwa kuwa hakuna aliyemwambia njia ndefu ina urefu gani. Anadhani ni miaka kumi. Mimi nimemwambia leo: wiki 12 za kwanza, ukuta na chaki, na atajionea mwenyewe alama imepanda. Akishaona hivyo mara moja, hatahitaji tena kuuziwa ndoto kwenye kichupa.

Kwa hivyo nawaomba, Ramadhani hii muwe wawili wawili au watatu watatu. Jifunzeni kutua, mkipasha mwili joto pamoja, kila mmoja na daftari lake. Wiki za kujifunza zikiingia ndani ya Ramadhani ni sawa kabisa, kwa kuwa ni nyepesi. Idi ikipita, inshaallah, mtakuwa tayari kubeba chuma kwa heshima yake.

Maswali yenu nayakaribisha.